Magurudumu ya Ukaguzi

Shimonita, 8 Machi 2019

Mwanangu Yasuhiko,

Hujambo wewe, mkeo Kanae hajambo, na mjukuu wangu Nagisa je, chuo kinampa nafasi ya kulala? Mimi sijambo. Magoti yanalalamika asubuhi, yakishapata chai yananyamaza. Theluji imetoka shambani, imebaki mlimani tu. Nimewawekea kwenye mzigo konnyaku ya viazi vya shambani niliyochemsha mwenyewe, msiikatekate kwa kisu, irarueni kwa mkono.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu tunagombana hata kabla hujamaliza kuniamkia. Kwenye karatasi mtu hakatizwi.

Jambo lenyewe ni gari langu. Ukaguzi wake ni mwezi wa tano, na jana nilijilaza chini na tochi nikasoma tarehe ya matairi. Yana miaka kumi na moja, Yasu. Michoro ipo, kwa mbali utadhani yametoka dukani juzi, lakini ukiyabonyeza kwa ukucha ni makavu kama ngisi wa kuanikwa. Hayo ndiyo yanayoua watu siku ya mvua. Kwa hiyo nanunua mapya, na hapo kwenye kuchagua ndipo nilipokwama.

Naweza kulivisha moja kwa moja rimu za chuma zilizokuja nalo mwaka 1972, na tairi jembamba. Litakuwa jepesi mkononi ila kwenye kona litalala kama ng'ombe aliyeshiba. Ama nibaki na zile rimu pana za alumini alizonitafutia marehemu baba yako, zinazochungulia nje ya madigadi unene wa kidole. Hizo nikizitia tairi la upana wa milimita 205, gari linang'ang'ania lami, lakini unajua usukani wake hauna msaada wowote, ni mabega yangu tu. Halafu kuna mpira laini unaoshika na kuisha upesi, na mpira mgumu wa kudumu. Muuza tairi ananiambia, "Mama chukua mgumu, miaka sita hujarudi hapa." Nikamwambia, "Miaka sita ijayo nina themanini. Nipe laini, nile raha mapema." Alicheka mpaka akakaa chini.

Wewe unaonaje? Usinijibu kama afisa.

Mama yako


Osaka, 19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mzigo umefika, Nagisa amemaliza nusu peke yake akiwa amesimama. Sote wazima, isipokuwa mgongo wangu wa kukaa ofisini.

Umesema nisikujibu kama afisa, basi nakujibu kama mtoto mwenye hofu. Wiki iliyopita mzee wa miaka themanini na mbili mtaani kwetu alitaka kuegesha mbele ya duka. Akakanyaga mafuta akidhani ni breki, akaingia na gari mpaka kwenye friji za maziwa. Muuzaji yuko hospitali mpaka leo. Nilipita pale jioni, vioo vimetapakaa, na yule mzee amekaa ukingoni mwa barabara anauliza, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Kila nikifumba macho namwona yeye, ila uso ni wako.

Mama, swali si tairi gani. Swali ni siku gani utairudisha leseni. Mwezi wa kumi na moja unatimiza sabini na tano, watakuita kwenye mtihani wa kumbukumbu. Kwa nini usubiri kuambiwa? Toka ukiwa na heshima yako.

Najua utakasirika. Kasirika, lakini uwe hai.

Mwanao Yasuhiko


Shimonita, 27 Machi

Yasuhiko,

Hujambo na hofu yako? Mimi mzima, nimekasirika kama ulivyoniruhusu.

Nampa pole yule muuzaji, na yule mzee pia. Lakini gari lake lilikuwa la kujibadilishia gia. Langu lina klachi. Ukikosea pedali linazima katikati ya njia, watoto wa shule wanakucheka, yamekwisha. Na mimi nimesambaza maziwa miaka ishirini na tano kwenye barabara hizi hizi za mlima, kwenye barafu, chupa haijavunjika. Mtu huulizwa anachoweza, haulizwi alizaliwa lini.

Hata hivyo nimekusikia. Nimechagua rimu za alumini, lakini tairi la 185 badala ya 205. Mabega yamekataa upana, nami nimeyakubalia. Huo ndio uzee wangu, nimeupima kwa milimita na kuulipia dukani. Mpira nimechukua laini.

Sasa sikia. Rimu zile bado zinachungulia nje, kwenye ukaguzi hazipiti. Njoo likizo ya mwanzo wa Mei unisaidie kama alivyokuwa akifanya baba yako: tulivishe zile za chuma, lipite ukaguzi, tulivue, tulivishe zangu. Usinikunjie uso wa serikali, nusu ya wenye magari ya zamani wana magurudumu ya ukaguzi ghalani.

Ukimaliza, kaa kando yangu tupande mlima mpaka Uchiyama na kurudi. Ukiona jambo moja tu la kukutia hofu, niambie machoni, nami nitaamini. Sitabishana.

Mama yako


Osaka, 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, mikono bado inanuka grisi na Kanae anasema nisishike taulo nyeupe. Asante kwa zile siku tatu. Wali wako wa vitunguu bado nauota.

Niseme kwanza yaliyonifurahisha. Gari lilipita ukaguzi bila neno, na ule mchana wa kulivua chuma na kulivisha zako, wewe uko jikoni unakaanga, mimi uani na jeki, nilijiona nina miaka kumi. Nati kumi na sita nilizifungua na kumi na sita nikazirudisha, hata moja haikupotea kwenye nyasi. Nikapachika zile kofia za katikati zinazozifunika. Nikasimama nikapaza sauti, "Nimekaza!" nawe ukajibu kutoka dirishani, "Nimesikia!" Baba angekuwepo angetabasamu. Unakumbuka alivyomfokea mjomba, siku alipochukua spana kukaza tena baada ya Baba kusema amekaza? "Mtu akishasema, unamwamini au unamfukuza!"

Kupanda mlima sikuogopa, Mama. Unaendesha vizuri kuliko mimi, na nakubali kwa maandishi.

Lakini ulisema nikuambie. Wakati wa kushuka, palipo na mteremko mrefu, usukani ulikuwa unacheza. Nikatazama mikono yako. Ilikuwa inatetemeka. Ulisema ni barabara. Barabara ile wameimwagia lami mpya, uliniambia mwenyewe tukipanda.

Nenda kwa daktari. Nakuomba.

Mwanao Yasuhiko


Shimonita, 21 Mei

Yasuhiko,

U mzima? Mimi mzima. Tena mzima kabisa. Mikono yangu haikutetemeka.

Barua hii niliiandika mpaka hapo, nikaweka kalamu, na imekaa mezani siku nyingi. Sasa naiendeleza kwa ukweli.

Nililitoa gari peke yangu. Polepole halina neno. Nikikaza mwendo, mtetemeko unaanza, kidogo, halafu mpaka kwenye viwiko. Nikasimama, nikapima upepo, uko sawasawa. Nikatafakari: matairi mapya, rimu zimepimwa usawa dukani kabla hazijafungwa, wewe umekaza nami nimesikia. Kila kitu kwenye gari lile kimekaguliwa. Kilichobaki kizee ni mimi.

Nilijaza kikombe cha chai mpaka ukingoni nikakinyanyua. Siku ya kwanza hakikumwagika. Siku nyingine kikamwagika. Sijui kama ni mkono au ni kwa sababu nilikuwa naukodolea macho. Sasa nikishika sindano naitazama mikono, nikishika vijiti vya kulia chakula naitazama. Imekuwa kama wageni wawili waliokuja kulala kwangu, siwajui nia yao.

Usimwambie Nagisa.

Mama yako


Osaka, 2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwenye treni nikapitiliza kituo.

Sina furaha ya kushinda, nataka ulijue hilo. Ila lisemwalo lipo, na afadhali limesemwa mapema. Leo ni kikombe, kesho ingekuwa mtoto wa jirani. Nenda kwa daktari, halafu rudisha leseni kwa hiari yako, kabla mwezi wa kumi na moja haujafika.

Kuhusu gari, usifikiri nitalitupa. Nimempata bwana mmoja wa Kobe, ana karakana yake na anayapenda haya ya zamani. Atalitunza kuliko sisi. Nitakuja kulichukua mwenyewe, nitaliendesha kwa mikono yangu mpaka kwake, halitapanda lori kama mzigo. Nagisa anataka tuje wote. Anasema angalau mara moja maishani avuke milima ndani ya gari la bibi.

Niambie ndiyo.

Mwanao Yasuhiko


Shimonita, 25 Juni

Yasuhiko,

Hamjambo? Mvua ya majira imeshika, shamba limekuwa tope.

Daktari hakuona kitu. Alinigonga magoti, akanichorisha saa ya ukutani, akanifanya nihesabu kurudi nyuma. Akasema hana la kuniandikia, wakati mwingine mwili una siri zake. Nilitoka pale vibaya kuliko nilivyoingia. Ugonjwa wenye jina unaweza kuutukana.

Kwa hiyo nimekwenda polisi. Binti aliyenipokea alikuwa na adabu sana. Alinishukuru kwa miaka yote ya kuendesha kwa usalama, akachukua leseni, akaitoboa tundu mbele yangu kwa kile kidude cha karani, akanirudishia kama kumbukumbu. Nimepewa na kadi ya kupunguziwa nauli ya teksi. Nilirudi kwa miguu.

Njooni tarehe 13 Julai. Ufunguo uko pale pale. Gari nimelifunika turubai tangu mwezi uliopita na sijaligusa, sioni sababu ya kuosha kitu cha mtu mwingine. Nitakuwa shambani mtakapoondoka. Msipige honi.

Mama yako


Osaka, 16 Julai

Mama,

Shikamoo. Tuko salama. Naanza na hilo kwa sababu ungeanza kulitafuta. Nagisa yuko salama, ana mkwaruzo wa kiwiko tu.

Sikuweza kukuambia kwa simu. Nilishika simu mara kadhaa nikaiweka.

Tulipokwisha kuvuka Uchiyama na kuingia barabara kuu, niliongeza mwendo. Mtetemeko ukaanza. Kwanza vidole, halafu viwiko, kama ulivyoandika wewe. Nikaitazama mikono yangu, Mama. Ilikuwa inatetemeka kama ya mzee wa miaka mia. Nikamwambia Nagisa, "Hebu shika usukani toka huko uliko." Akaunyooshea mkono wake wa miaka kumi na tisa, nao ukatetemeka. Akasema, "Baba, kwani na mimi nimezeeka?" Sikuwa nimemaliza kuelewa tulipoanza kusikia kishindo chini, upande wa kushoto. Gari likavuta pembeni. Nililisimamisha likiwa limelalia ukuta wa barabara, malori yanapita kando yetu yanatutikisa.

Nilitoa ile kofia ya katikati. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limebaki na nati mbili. Nilizifungua kwa vidole, bila spana. Tundu za rimu zimeliwa mpaka zimekuwa kama mayai. Kijana wa gari la kuvuta alikuja, akatazama, akaokota nati moja akaigeuza mbele ya macho yake. "Hii ni ya rimu ya chuma, ina ncha ya kuchongoka. Rimu hii inataka nati ya shingo ndefu na kipete bapa cha washa. Nani aliyezifunga hizi?" Nagisa akajibu, "Baba."

Nati zile kumi na sita nilizojisifia. Nilizitoa kwenye magurudumu ya ukaguzi nikazirudisha kwenye yako. Zako za shingo ndefu sikuzikumbuka kabisa, bila shaka zipo ghalani hadi sasa.

Hukutetemeka, Mama. Ni mimi niliyekutetemesha. Nikakuandikia kwamba ni mikono yako, ukaamini, ukaenda ukatobolewa leseni. Na kama siku moja tu ungelikimbiza lile gari mteremkoni, ningekuwa nimekuua, halafu ningesimama msibani kuwaambia watu nilimwonya.

Sijui niandike nini tena. Bwana wa Kobe nimemwambia gari haliuzwi.

Mwanao Yasuhiko


Osaka, 20 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sijui kama unazisoma. Simu inaita mpaka inakata. Niliposhindwa kuvumilia nilimpigia jirani yako Bibi Mogi. Anasema u mzima, unamwagilia, unamsalimia, na kila asubuhi unatoka na baiskeli na mkoba, unarudi jua likiwa kali. Nilimuuliza unakwenda wapi. Akasema, "Muulize mwenyewe," akakata.

Gari limetengenezwa. Nimepata rimu mbili za aina ile ile kwa mtu wa Nara, na nati za shingo ndefu, mpya. Zilifungwa karakanani, sikushika spana. Linakaa chini ya nyumba yetu. Nagisa huenda kukaa ndani yake na kusoma.

Nitukane, Mama. Niandikie matusi ukurasa mzima, nitayabandika ukutani. Lakini usininyamazie.

Mwanao Yasuhiko


Shimonita, 27 Oktoba

Mwanangu Yasuhiko,

Hujambo? Kanae na Nagisa hawajambo? Kiwiko kilipona bila alama? Mimi sijambo. Majani ya mlimani yamekuwa mekundu, wapita njia wanasimamisha magari hovyo kupiga picha.

Nilinyamaza kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kikali kuliko nilichotaka kusema. Sasa nadhani naweza.

Nati nimekusamehe siku ile ile niliyosoma. Ningeweza kuzikosea mimi, angeweza kuzikosea baba yako. Nilipofika kwenye maneno ya Nagisa na ukuta wa barabara nilikaa chini jikoni nikalia, nikamshukuru Mungu kwa ajili yenu, basi. Hilo limekwisha.

Lisilokwisha ni jingine, na si lako peke yako. Ulisema, "Nimekaza," nikajibu, "Nimesikia." Ukasema, "Mikono yako inatetemeka," nikajibu, "Nimesikia," vilevile. Mikono hii nimekaa nayo miaka sabini na minne. Imekulea. Haikuwahi kunidanganya, nami nikakaa mezani na kikombe cha chai nikiishtaki, kwa neno la mtu mmoja aliyenitazama mchana mmoja. Hata kofia ya gurudumu sikuibandua, nikaona ni kukuvunjia heshima. Nilikuheshimu wewe nikajidharau mimi. Hicho ndicho kinachoniuma, Yasu, na usiniombe msamaha wake maana huna wa kuomba.

Sasa ule mkoba. Nakwenda shule ya udereva. Polisi waliniambia leseni iliyokwisha kurudishwa kwa hiari hairudi, anayetaka aanze upya kama mtoto wa miaka kumi na minane. Nimeanza upya. Darasani wananiita Bibi, na mmoja alidhani nimekuja kumpeleka mjukuu. Mwalimu wangu ana miaka ishirini na minne. Ananifundisha namna ya kushika usukani, na mimi nasema, "Ndiyo, Mwalimu." Mtihani wa kwanza nilifeli. Niliendesha kwa raha mno, akasema, sikugeuza shingo ya kutosha kutazama nyuma. Wa pili nilipita. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mtihani wa barabarani umebaki, ni wiki ijayo. Haitaamua hofu yako wala ubishi wangu. Ataamua yule kijana wa kiti cha pembeni mwenye kalamu, ambaye hanipendi wala hanichukii. Akisema siwezi, liuze lile gari, sitatia neno, na safari hii nitaamini kwa sababu atakuwa ametazama vizuri. Akisema naweza, ni juu yako kulala usingizi au kutolala.

Usipige simu wiki hii. Nasoma.

Mama yako


Shimonita, 14 Novemba

Yasuhiko,

U mzima? Mimi mzima.

Nakuja Jumamosi kwa treni. Ninazo zile nati zangu za shingo ndefu kwenye mkoba, za akiba. Ninazo na alama mbili za kubandika nyuma ya gari, ya dereva mpya na ya mzee, sheria inataka ya kwanza na mimi nataka ya pili. Nitafungua kofia zote nne nizitazame nati kabla sijawasha. Usione nakudharau, toka sasa nitakuwa natazama.

Nitarudi kwa barabara. Kiti cha kushoto kiko wazi, ukipenda.

Mama yako